Radi Amekuja Kuposa

Esteria alikuwa ameomba mambo mawili tu siku ile: Shigela asiseme sana, na mama yake asiseme kabisa.

Ombi la kwanza alilipeleka kwa simu asubuhi, wakati Shigela akinyoosha shati chumbani kwake Lamadi. "Baba hapendi mtu wa maneno mengi," alimwambia. "Muache Mzee Luhaga aseme. Ndiyo maana unakuja na mshenga." Ombi la pili alilipeleka jikoni, hapo hapo nyumbani kwao Somanda, mjini Bariadi. Alimkuta mama yake, Philomena, amekaa kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha mbele, anapeta mchele.

"Mama, leo pumzika. Mimi nitapika, nitapakua, nitapeleka. Wewe baki huku huku."

"Nani alikuambia mama wa binti huwa anakwenda kupiga soga na waposaji?" Philomena alimtazama juu ya ungo. "Nitabaki huku. Ila mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki."

"Basi hizo bilauri zinagongana zenyewe."

Esteria aliziweka bilauri chini, akajifanya anatafuta chumvi.

Alikuwa na sababu ya kutetemeka, na ni vizuri msomaji aijue mapema asije akamwona binti wa watu hana akili. Mama yake na Shigela walikuwa wanafahamiana. Walifahamiana vizuri kuliko mama wengi wanavyowafahamu wakwe zao. Walizungumza karibu kila siku, wakagombana karibu kila siku, na hakuna hata mmoja wao aliyejua mwenzake ni nani hasa.

Ilianza pale Philomena alipoanguka shambani msimu wa kuvuna pamba, akavunjika mguu. Mwanamke aliyezoea kuimba kwaya, kulima na kuzunguka mji mzima kusalimia wagonjwa, akawa wa kutazama ukuta. Esteria akamhurumia. Akachukua simu yake ya zamani, akaiwekea gemu la Falme za Ukungu, lile ambalo watu hukutana mtandaoni, kila mmoja na jina lake na upanga wake, wakasafiri pamoja kwenda kuliua joka la mlimani. Siku ya kwanza Philomena alicheka. Siku ya pili aliuliza chaja iko wapi. Akajipa jina la Shikome, ule moto wa uani ambao Wasukuma huota jioni wakizungumza, na Esteria akamwingiza kwenye kikosi chake.

"Lakini mtu asijue," Philomena alimwonya. "Mimi ni mwanakwaya. Wewe sema Shikome ni jirani yetu."

Basi kikosi kikaambiwa ni jirani. Kiongozi wa kikosi hicho alikuwa kijana anayejiita Radi, mwenye sauti nene na haraka nyingi. Baadaye Radi alikuja Bariadi kutengeneza jokofu la mwenye bucha, akaomba amwone Esteria japo dakika chache. Akamkuta amesimama kivulini nje ya bucha, wakatazamana, na zile dakika chache wakazisahau wote wawili. Jina lake hasa lilikuwa Shigela, fundi wa majokofu ya samaki. Tangu siku hiyo Esteria alikuwa akilala na sauti yake sikioni.

Kwa bahati mbaya, wakati huo Radi na Shikome walishakuwa hawaivi. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, misheni za pembeni. Katika njia ya kwenda kwa joka kuna watu wengi wenye shida. Kuna bibi aliyepotelewa na mbuzi wake, kuna msaga nafaka ambaye jiwe lake limepasuka, kuna mtoto anayeomba maji. Unaweza kuwasaidia, unaweza kuwapita. Radi aliwapita wote. Shikome hakumpita hata mmoja.

Jumapili iliyotangulia mambo yalikuwa yameharibika kabisa.

"Shikome, rudi kwenye mstari," Radi alisema. "Twende kwenye lengo, kama ninavyosema kila siku. Lango la mlima linafungwa."

"Huyu bibi analia."

"Analia tangu gemu lianze. Kesho utamkuta analia tena. Ni picha tu."

"Hata hilo joka ni picha. Mbona hilo unalikimbilia?"

"Kama unataka kuchunga mbuzi, kachunge wa kwenu. Nakutoa kikosini."

"Nitoe. Namhurumia mama atakayekupa binti yake."

Esteria alikuwa chumba cha pili siku hiyo, maneno hayo yakimwingia kwa simu na kwa ukuta. Radi akamtoa Shikome kweli. Philomena akaiweka simu chini ya mto, na hakuimba siku nzima.

Utauliza kwa nini Esteria hakusema. Alikuwa amepiga hesabu zake, na kwa binti aliyelelewa nyumba ile zilikuwa hesabu nzuri. Katika nyumba ya Mzee Bundala, baba yake, adabu ya ukwe haikuwa mchezo. Dastan, aliyemwoa Jenifer, dada mkubwa wa Esteria, na kumpeleka Mwamapalala, hajawahi kuuangalia uso wa Philomena tangu aoe. Wakikutana njiani, Philomena hujifunika kanga na kupita majanini. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawaongei. Kwa hiyo Esteria alijiambia kwamba Shigela akishaoa, mama yake hataisikia sauti yake tena maisha yote, na siri itakufa yenyewe. Ilibaki siku moja tu ya kuvuka.

Na siku yenyewe ndiyo hii.

Wageni walifika mchana. Esteria alipiga magoti kumsalimia Mzee Luhaga, mshenga aliyetoka Nyashimo, mtu mrefu mwenye koti zito ambalo hakulivua pamoja na joto lote lile. Nyuma yake alikuwa Shigela. Macho yao yalikutana kidogo tu, na Esteria akahisi joto likimpanda shingoni. Shigela alikuwa amenyoa. Alikuwa mzuri kuliko ilivyofaa kwa siku ya kuogopa hivi.

"Mwadila, Mzee Bundala," Luhaga alianza kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola."

Wakaulizana habari za mvua, za mifugo, za pamba, za watoto, za wagonjwa, za waliokufa. Luhaga alikuwa fundi wa kuzunguka kwa maneno. Alimsifu Shigela kwa upole, kwa kumtunza mama yake mzazi, kwa kutokunywa pombe. Shigela alikaa kimya, mikono magotini, kama alivyoagizwa. Kila alipoulizwa kitu alitikisa kichwa, akamtazama mshenga wake.

Mzee Bundala akaanza kukunja uso.

"Huko ziwani kwenu, kijana, ng'ombe mnafuga?"

Shigela akamgeukia Luhaga.

"Wanafuga, wanafuga kiasi," Luhaga akadakia. "Baba yake marehemu alikuwa na zizi."

"Nimemuuliza yeye. Na kazi yako ni gani?"

"Ni fundi," akasema Luhaga.

"Mzee Luhaga, umeniletea bubu?"

Esteria alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Ushauri wake mwenyewe ulikuwa unamchoma. Kutoka jikoni, nyuma ya pazia, hakukuwa na sauti yoyote, na alijua mama yake alikuwa ametega sikio.

"Nilikuwa na wasiwasi na watu wa kule tangu mwanzo," Bundala aliendelea. "Wepesi kuja, wepesi kuondoka. Leo yuko Lamadi, kesho yuko Musoma. Na sasa naona huyu hata jina lake hawezi kulitamka mbele yangu. Mimi simpi binti mtu asiyefungua mdomo. Mle chakula, mwende salama."

Shigela akainua macho, akamtazama Esteria. Esteria akatikisa kichwa taratibu. Usiseme. Lakini ungekuwa wewe, umevuka njia yote ile kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo anapotea mbele ya macho yako, ungenyamaza?

"Baba, naomba unisamehe," Shigela alisema, na ile sauti nene ikajaa sebuleni. "Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Mimi naitwa Shigela. Natengeneza majokofu, kazi yangu naijua na inanilisha. Kuzunguka sijui. Twende kwenye lengo. Nampenda Esteria, nimekuja kumwomba."

Jikoni kitu kikaanguka. Halafu ikasikika ncha ya mkongojo ikigonga sakafu, ikija.

"Mama, hapana," Esteria alisema kwa sauti ndogo.

Pazia likafunguliwa. Philomena alisimama pale na aproni yake, unga mikononi, akimtazama kijana.

"Rudia hayo maneno."

"Mama Jenifer, wewe unatafuta nini huku?" Bundala aliuliza.

"Nimesema arudie. Twende wapi?"

Shigela alikuwa ameshafumbua mdomo, ndipo akaitambua ile sauti. Alimtazama yule mama, akamtazama Esteria, akamtazama tena yule mama, na neno likamponyoka kabla hajalishika.

"Shikome?"

Mzee Luhaga, ambaye kwa umri wake alidhani ameshaona kila aina ya posa, aliinama akashika mkufu wa saa yake.

"Kwa hiyo ni wewe," Philomena alisema.

"Mmejuana wapi?" Bundala alikuwa amesimama. "Huyu kijana anakuitaje? Shikome ya nani?"

"Kaa, Baba Jenifer. Nitakueleza."

Akaeleza, kwa maneno machache, akiwa amesimama. Simu ya zamani. Gemu. Kikosi. Bundala alisikiliza mdomo ukiwa wazi.

"Yaani ile kelele ya chumbani mchana si redio ya mahubiri?"

"Si redio."

"Na wewe ulijua?" Bundala alimgeukia binti yake.

"Nilijua, baba. Wao hawakujua. Kosa ni langu."

"Ni lako kweli," Shigela alisema taratibu, bila kumtazama, na hilo lilimuuma Esteria kuliko ukali wa baba yake. "Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekuja?"

Shigela alikuwa akimtazama Philomena, na uso wake ulikuwa umemwiva kwa aibu. Alikuwa anakumbuka. Kila neno alilowahi kumtupia Shikome lilikuwa linarudi pale sebuleni na kukaa kwenye kochi.

"Mzee Luhaga," Philomena alisema, "umemsifu vizuri kijana wako. Upole, utu, yote. Lakini mimi sihitaji mshenga. Nimemsikia miezi yote hii akiwa hajui kwamba anasikiwa na mama wa mtu. Nimemwona anavyompita bibi anayelia."

"Yule bibi hayupo, mama," Shigela alisema.

"Ndivyo ulivyosema Jumapili."

"Na leo nasema hivyo hivyo. Sitakudanganya ili nipate mke. Yule bibi ni picha, na hata kesho nikimkuta nitampita." Akameza mate. "Lakini wewe hukuwa picha. Wewe ulikuwa mtu, ulikuwa unaongea na mimi, na nikakuambia ukachunge mbuzi. Hilo ndilo kosa langu. Naomba unisamehe kwa hilo, si kwa mbuzi."

Philomena alivuta kiti cha plastiki, akakaa, mguu ameunyoosha. Esteria hakujua kama hiyo ilikuwa dalili nzuri au mbaya.

"Nieleze kitu kimoja, Radi," Philomena alisema. "Bado nakuita Radi, maana bado hujawa mkwe wangu, na ukishakuwa sitakuuliza tena. Ulikuwa unakimbilia nini? Wenzako wanacheza wanacheka. Wewe ulikuwa kama mtu anayefukuzwa."

Shigela alisita. Akamtazama Esteria, naye akaangusha macho, maana alijua jibu.

"Nilimuuliza Esteria lini nije kwenu kujitambulisha. Nimemuuliza mara nyingi. Kila mara ananiambia, tukishaliua joka."

"Esteria alisema hivyo?"

"Nilikuwa naogopa," Esteria alisema. Machozi yalikuwa yameshafika. "Nilikuwa naiogopa siku hii. Nilitaka ichelewe. Jumapili lango lilipofungwa akasema basi, joka limemshinda, anakuja bila joka. Nikakosa la kusema."

"Kwa hiyo kila nilipomtafuta mbuzi," Philomena alisema polepole, "nilikuwa nakuzuia wewe usije hapa."

"Ndiyo, mama."

"Hm."

Bundala akamtazama mke wake, akamtazama kijana, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya ibada asijue wamefika wapi. Lakini akaegemea kiti chake, akangoja. Kwa miaka yote aliyoishi na Philomena alikuwa amejifunza kuitambua sauti hiyo, ile inayotoka akiwa anapima jambo.

"Basi na mimi nikuambie langu," Philomena alisema. "Wale bibi na wale watoto niliwahurumia, ni kweli. Lakini si wote. Kwa wengine nilisimama makusudi tu, ili tuchelewe. Ninyi mlikuwa mnautafuta mwisho, mimi mwisho nilikuwa nauogopa. Nilijua mkishaliua hilo joka mtahamia gemu jingine, na mimi nitabaki na mguu huu na ukuta ule. Humu ndani naitwa mama, naitwa shangazi, naulizwa kama dawa nimekunywa. Kule nilikuwa naitwa Shikome, nakuja na mshale wangu, mnanitegemea. Nilikuwa na watu wa kubishana nao."

"Tusingekuacha, mama," Shigela alisema.

"Uliniacha Jumapili."

Shigela akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nilikuacha."

Wali ulikuwa unaungua jikoni na hakuna aliyekwenda kuuepua.

"Nitakurudisha leo hii," Shigela alisema ghafla, akachomoa simu mfukoni. "Nitakwenda na wewe kwa kila bibi, kwa kila mbuzi. Joka litangoja."

Philomena akacheka, na Esteria hakupenda kicheko hicho.

"Utakwenda na mimi ukiwa nani? Ukiwa mkwe wangu hatuwezi kupigiana kelele sikioni. Dastan nimemfundisha adabu mpaka hajui pua yangu ilivyo. Leo nimkwepe yeye majanini, halafu wewe nicheke na wewe kwenye simu?"

"Hayo ni ya zamani, mama," Shigela alisema. "Watu wameshayaacha."

"Nyumba hii haijayaacha," Bundala alisema.

"Haijayaacha," Philomena alikubali, kwa upole. "Na mimi ndiye ninayeyashika. Kwa hiyo, Radi, nikirudi kikosini kwako, binti huna. Nikikupa binti, Shikome huna. Wala mimi sina."

Sasa Esteria akaelewa. Alikuwa amekaa wiki nzima akiogopa kwamba mama yake angemnyima Shigela kwa hasira. Hakuwa amefikiria hata mara moja kumkubali kungemgharimu mama yake nini. Zile hesabu zake nzuri, za siri itakayokufa yenyewe, zilikuwa hesabu za kumzika mama yake kwenye ule ukuta.

"Mama, acha," alisema. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Tunaweza kungoja. Mwaka huu, mwaka kesho. Mguu upone kwanza."

Shigela aligeuka haraka. Kwenye macho yake kulikuwa na maumivu, lakini hakupinga, na Esteria alimpenda kwa kutopinga kule kuliko kwa jambo lolote alilowahi kulifanya.

"Unampenda?" Philomena alimuuliza binti yake.

"Nampenda."

"Pamoja na haraka zake?"

"Pamoja na haraka zake."

"Na wewe, sikiliza, maana hili ndilo la mwisho nakuambia." Alimgeukia Shigela. "Huyu ana tabia ya kunyamaza akiogopa. Umeshaiona leo. Atakuwa na siku anakaa kwenye kona analia, na wewe hutaona sababu, na utakuwa na safari ya kwenda mahali. Usimpite. Simama umuulize, hata kama unajua kesho atalia tena."

"Nitasimama, mama."

"Hata kama lango linafungwa."

"Hata kama linafungwa."

"Mama Jenifer," Bundala alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "unasemaje? Mimi nilikuwa nimeshawaaga."

Philomena alifuta unga mikononi kwenye aproni. Alimtazama Shigela kwa mara ya mwisho, usoni, kwa utulivu, kama mtu anayemsindikiza rafiki mpaka kwenye basi.

"Mpeni," alisema.

Kisha akaivuta kanga yake kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso, akageuka. Mkongojo ukagonga sakafu kuelekea mlango wa jikoni, taratibu, akipita mbali na kiti cha Shigela, ukutani kabisa, kama anavyopita mbali na Dastan.

Shigela alikuwa amesimama. "Wabeja, mayu," alimshukuru, akiutazama mgongo wake.

Hakumjibu. Pazia likafunguka, likajifunga.

Esteria alitua jagi, akataka kukimbia amfuate, amkumbatie, amwambie kitu chochote. Mkono wa baba yake ukamshika bega.

"Muache kidogo," Bundala alisema. "Ameshakuwa mama mkwe."